Kutafuta na Kutibu Kelele za Redio Nyumbani: Mwongozo kwa Waendesha Redio ya Ridhaa wa Tanga

Kelele inayoziba bendi za masafa mafupi katika nyumba ya Tanga mjini, mara nyingi zaidi, hutoka ndani ya nyumba hiyo hiyo. Nguzo ya umeme iliyo mbele ya kibaraza ndiyo inayolaumiwa kwanza, na baada yake jirani, lakini mtu akichunguza kwa utaratibu hukuta kwamba mwenye kosa ni chaja ya simu, taa ya LED ya bei ya chini, au kontrola ya sola iliyofungwa chini ya paa lake mwenyewe. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia chumbani kwa mwenye redio, unatoka kwenda kwa majirani, na mwisho unafika kwenye nguzo. Atakayegeuza mpangilio huo atatembea sana mitaani bila kupata kitu.

Malipo ya kazi hii ni makubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kila alama moja ya mita ya S, ile inayoonyesha kwenye redio ukubwa wa mawimbi yanayopokewa, ni desibeli 6, yaani nguvu mara nne. Kelele ikishuka kutoka S7 hadi S3 umepata desibeli 24, na kwa masikio yako hilo ni sawa na kituo cha mbali kuongeza nguvu kutoka wati 1 hadi wati 250. Hakuna antena inayoweza kusimamishwa juu ya nyumba ya Ngamiani ambayo itakupa ongezeko la namna hiyo, na hata ingekuwepo, ingeikuza kelele pamoja na sauti unayoitaka.

Ifahamu kelele yenyewe

Tanga iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na katika ukanda huu ipo kelele ya asili ambayo haina dawa. Radi za masika na za vuli, ziwe zinapiga juu ya Usambara au mbali kabisa barani, husikika usiku kwenye bendi za mita 80 na mita 40 kama mipasuko isiyo na mpangilio, inayoruka juu ghafla kisha ikatulia. Kelele ya vifaa vya umeme ni tofauti kwa kuwa ina nidhamu: ama inavuma bila kukatika, ama inajirudia kwa vipindi vilivyo sawa, ama inaanza na kukoma kwa saa zinazojulikana. Asiyetofautisha hizi mbili anaweza kumgombeza mpangaji wake kwa sababu ya mvua inayonyesha Kongo.

Anza kwa kuchomoa kebo ya antena nyuma ya redio. Kelele ikishuka hadi karibu na sifuri, ina maana inaingia kupitia antena au kebo yake, nawe utaendelea na hatua zinazofuata. Ikibaki vile vile, inaingia kupitia waya wa umeme wa redio au inazaliwa ndani ya pawa saplai yako, na hapo tatizo liko juu ya meza; ibadilishe pawa saplai hiyo, au iendeshe redio kwa betri, usikilize tena.

Unapopima, weka redio kwenye AM, au kwenye SSB (mfumo wa kurusha upande mmoja tu wa wimbi) kama haina AM, ukitumia kichujio kipana kuliko vyote ilivyo navyo, na uzime kikuza mawimbi cha mbele pamoja na vipunguza kelele vyote, kwa sababu vinavuruga usomaji wa mita. Usisake kelele kwa FM. Mfumo huo umeundwa kupuuza mabadiliko ya ukubwa wa wimbi, na kelele nyingi za nyumbani ni mabadiliko hayo hasa.

Kisha andika. Daftari lenye tarehe, saa, bendi, usomaji wa mita, hali ya hewa na maelezo mafupi ya mlio, likijazwa asubuhi, adhuhuri, magharibi na usiku kwa siku kadhaa, litakuonyesha mengi kabla hujagusa waya wowote. Kelele inayoanza jua linapochomoza, ikapungua wingu linapopita na kufa jua linapozama, ni ya sola. Inayoanza wakati wa magharibi na kukoma watu wanapolala ni ya taa, au ya televisheni na king'amuzi chake. Inayodumu sekunde chache na kurudi baada ya dakika nyingi huenda ni swichi ya joto ya friji. Tiki moja kila baada ya sekunde moja hivi, mchana na usiku, karibu kila mara ni fensi ya umeme, na wakazi wa Raskazone wanaijua kwa kuwa kuta za huko zina nyaya hizo nyingi. Cherehani ya mota, blenda na drili hutoa mlio unaopanda na kushuka kulingana na mwendo wa mota.

Adapta na chaja za kisasa, ambazo ndani yake umeme hukatwa na kuunganishwa maelfu ya mara kwa sekunde, zina alama yake pekee. Ukizungusha kitufe cha masafa polepole utakuta kilele cha mvumo, kisha utulivu kidogo, kisha kilele kingine, kwa umbali unaolingana wa makumi ya kilohezi, na vilele hivyo huhama taratibu kadiri kifaa kinavyopata moto. Pima umbali kati ya vilele viwili na uuandike. Ukikutana na chaja mbili zinazoshukiwa, yenye umbali uleule ndiyo yako.

Jaribio la meni swichi

Hili ndilo jaribio linalomaliza ubishi mwingi, na linastahili kufanywa kwa makini. Endesha redio kwa betri ya volti 12 iliyochomolewa kwenye chaja yake, chagua bendi ambayo kelele ni kubwa, kumbuka usomaji wa mita, kisha uzime meni swichi ya nyumba nzima. Waarifu wa nyumbani kwanza, kwa maana anayepika kwa jiko la umeme hatakuwa na hamu ya kusikiliza habari za desibeli.

Mita ya Luku iko kabla ya meni swichi, kwa hiyo haizimiki, na lakiri yake si ya kuguswa. Vilevile viko vitu vingine ambavyo havifi umeme unapozimwa: inveta na betri zake, UPS ya kompyuta, mfumo wa sola, kompyuta mpakato iliyo kwenye betri, na kamera za ulinzi zenye betri ya akiba. Taa za dharura ni mtego mbaya zaidi, kwa kuwa zenyewe huwaka pale pale umeme unapokatika na zinaweza kuleta kelele mpya wakati ya zamani imekoma, ukadhani hakuna kilichobadilika. Zima vyote hivyo kwa mkono kabla ya kutoa hukumu.

Kelele ikikoma, chanzo kiko kwako. Washa meni swichi huku sakiti breka zote zikiwa zimezimwa, kisha uziwashe moja baada ya nyingine hadi kelele irudi, na ndani ya sakiti hiyo uchomoe plagi moja moja. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, kwa sababu king'amuzi kilicholala bado kina pawa saplai inayofanya kazi. Zima swichi ya soketi yenyewe au chomoa. Nyumba za zamani zenye sakiti moja au mbili tu zitakulazimu kuchomoa kila kitu, na hilo halina njia ya mkato.

Hapa ndipo wengi hupotea. Nyumba ya leo mara chache ina chanzo kimoja tu, na chanzo kikubwa hukificha kidogo. Mtu anachomoa chaja, kelele inabaki kwa sababu televisheni bado inavuma, naye anairudisha chaja kwenye soketi akisema haina kosa. Halafu anachomoa televisheni, kelele inabaki kwa sababu chaja imerudi. Kwa hiyo usirudishe kitu ulichokitoa. Endelea kuchomoa hadi nyumba iwe kimya kabisa, kisha urudishe kifaa kimoja kimoja ukiandika mita inasema nini kwa kila kimoja.

Umeme wa mtaa mzima ukikatika, shuka kwenye redio ya betri bila kuchelewa, kwa kuwa una dakika chache tu kabla jenereta za madukani hazijawashwa. Kelele ambayo haikuguswa na meni swichi yako lakini imepotea mtaa ulipoingia giza iko nje ya nyumba yako, kwenye nyaya zile zile zinazokulisha wewe.

Kukikaribia kifaa chenyewe

Redio ndogo ya mkononi yenye masafa ya kati inatosha kwa kazi ya ndani. Ndani yake mna fimbo ya feraiti, yaani kauri yenye tabia ya sumaku, iliyozungushiwa waya, na fimbo hiyo haisikii vizuri kinachotoka upande wa ncha zake. Iweke mahali pasipo na stesheni, igeuze polepole mpaka kelele ipungue kabisa, na jua kwamba chanzo kiko kwenye mstari wa fimbo, mbele au nyuma. Kishuke hicho, yaani pale kelele inapopungua kabisa, ni chembamba na kinaonyesha mwelekeo kwa usahihi, ilhali upande ambao kelele ni kubwa ni mpana mno kukusaidia. Ukisimama sehemu mbili tofauti za uani na kuchora mistari miwili, pale inapokatana ndipo pa kwenda kutazama.

Ndani ya chumba mbinu hiyo hulegea, kwa kuwa nyaya za ukutani hubeba kelele na kila soketi huonekana kuwa na kosa. Badala yake punguza sauti na uipitishe redio karibu na kila kifaa na kila waya. Kifaa chenyewe kwa kawaida hupiga kelele kwa ukali zaidi sentimita chache kutoka kwenye kasha lake, na kelele hiyo hupungua haraka unaporudi nyuma, tofauti na waya ambao unavuma kwa kiasi kile kile urefu wake wote.

Kama una adapta iliyokufa, iache bila umeme kwa siku nzima ili kapasita zake, vijenzi vinavyohifadhi umeme, zimalize chaji, kisha uipasue uitazame. Pale nyaya za kutoka kwenye soketi zinapoingia, ubao umechapishwa nafasi ya koili na nafasi ya kapasita za kuchuja kelele. Katika adapta nyingi za bei ya chini utakuta nafasi ya koili imeunganishwa kwa kipande cha waya mtupu, na nafasi ya kapasita haina kitu, matundu yake mawili yakiwa yamezibwa kwa lehemu. Mbunifu alijua kinachohitajika. Aliyetengeneza ndiye aliyeokoa senti. Kamati ya kimataifa ya CISPR, iliyoundwa mwaka 1934 kwa ajili ya kelele za namna hii, imeweka viwango vya vifaa vya taa katika chapisho lake namba 15 na vya vifaa vya televisheni na kompyuta katika namba 32, lakini alama iliyochapishwa kwenye boksi si ushahidi kwamba kilichomo ndani kilipimwa.

Dawa za ndani, na hasa feraiti

Dawa ya kwanza ni kubadilisha kifaa. Taa ya LED inayovuma haifai kufungiwa kichujio kinachoizidi bei. Nunua mbili tatu za watengenezaji tofauti, zijaribu moja moja ukiwa na redio mkononi, na ubaki na ile iliyo kimya. Kwa modemu na vifaa vingine vidogo, adapta za zamani za transfoma, zile nzito zinazopata uvuguvugu, hazina ukataji wa umeme ndani yake na kwa kawaida hazina kelele, ila hakikisha kwamba volti zake kwa kifaa hicho ni sahihi, kwa kuwa nyingi hutoa volti za juu zaidi zikiwa na mzigo mdogo.

Kisichobadilishika kitibiwe kwa feraiti. Kelele inayofika kwenye antena yako husafiri zaidi kama mkondo unaokwenda uelekeo mmoja kwenye nyaya zote za kebo kwa wakati mmoja, na mkondo huo ndio unaoifanya kebo ya chaja au ya ekstensheni kuwa antena ya kurusha. Umeme halali, unaokwenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, hauzuiliwi na feraiti, mradi kebo nzima imepitishwa pamoja. Ukipitisha waya mmoja tu umekosea njia.

Jambo linalosahaulika ni idadi ya mizunguko. Uzuiaji wa feraiti huongezeka takriban kwa kipeo cha pili cha mizunguko, yaani mizunguko 10 huzuia karibu mara 100 kuliko kupitisha kebo mara moja, mpaka pale waya zinapoanza kuathiriana zenyewe. Ndiyo maana kile kipande cha feraiti kinachobanwa juu ya kebo kwa mara moja, ambacho watu hununua kwa matumaini, hakifanyi lolote la maana kwenye bendi ya mita 80 au 40. Inatakiwa pete kubwa, kwa mfano ya kipenyo cha nje cha milimita 61, ambayo kebo ya chaja inaweza kuzungushwa ndani yake mara 10 hadi 14. Aina ya feraiti inayoitwa 31 ndiyo inayofaa kwa masafa mafupi. Aina ya 43 inafanya vizuri zaidi kuanzia karibu megahezi 25 kwenda juu, ingawa kwa mizunguko mingi nayo husaidia chini ya hapo. Weka pete karibu kabisa na kifaa kinacholeta kelele, kwa sababu kila sentimita ya waya iliyobaki kati ya kifaa na pete inaendelea kurusha.

Wanaookota pete kutoka kwenye pawa saplai za kompyuta mbovu wajue kwamba zile za rangi ya manjano zenye upande mmoja mweupe ni za unga wa chuma, wala si feraiti ya kazi hii. Zinapendeza, zinazungushika, na hazizuii kitu cha maana. Feraiti zilizomo kwenye kebo za monita na printa za zamani ni afadhali, ila matundu yake ni madogo. Majaribio ya masikio ndiyo yatakayoamua.

Kichujio cha umeme kinachofungwa kwenye waya wa volti 230 kiwe kilichotengenezwa kiwandani, chenye kasha la chuma, na kifungwe na fundi umeme. Kapasita zake zinazoelekea ardhini zinahitaji ardhi ya kweli, na zipo nyumba nyingi ambamo pini ya tatu ya soketi haijaunganishwa na kitu chochote. Kwenye nyumba kama hiyo kasha la kifaa linaweza kubaki na umeme wa kuwasha mkono. Pimisha ardhi kwanza.

Mfumo wa sola una shida yake: nyaya kutoka kwenye paneli hadi kwenye kontrola huwa ndefu, ziko juu ya paa, na mara nyingi zimetandazwa mbali mbali, chanya huku na hasi kule, kwa hiyo zinatengeneza antena kubwa iliyo jirani na yako. Zisokote pamoja urefu wote. Kisha zungusha nyaya hizo mbili kwa pamoja kwenye pete upande wa paneli wa kontrola, na nyingine upande wa betri. Kama bado inavuma, weka swichi ya kukata paneli na uizime unapoingia hewani. Betri haitakufa kwa saa mbili.

Kwenda kwa jirani

Ngamiani na Makorora nyumba zinapakana, vyumba vina wapangaji, na umbali kati ya antena yako na taa ya mtu mwingine unaweza kuwa mita chache. Usitoke kwenda kwa mtu kabla hujakamilisha nyumba yako na kupata saa na mlio ulioandikwa. Ukishakuwa navyo, nenda jioni, si wakati wa kula, na nenda na ombi badala ya lawama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Mimi ni jirani yako wa nyumba ya pili, yule mwenye waya juu ya paa. Redio yangu inapata mvumo taa za kibarazani kwako zikiwaka, lakini sina hakika. Ningeomba uzizime kidogo, niisikilize hii redio ndogo, kisha uziwashe tena."

Ni nadra ombi kama hilo likataliwe, hasa mwenyewe akiisikia redio ikinyamaza mbele yake taa zinapozimwa. Hapo mtolee taa uliyokwishaipima nyumbani, uifunge wewe mwenyewe, na ile ya zamani muachie. Gharama ni yako, kwa sababu faida ni yako. Kwa kibanda cha kuchaji simu, chenye chaja ishirini za aina tofauti kwenye ekstensheni moja, usijaribu kutibu chaja. Zungusha kebo ya ekstensheni kwenye pete mbili na ukubali nafuu utakayopata.

Jiandae pia kwa swali la upande wa pili. Jirani anaweza kukuambia kwamba ukiongea sauti yako inatokea kwenye spika zake, naye atakuwa na haki. Dawa ni ile ile ya pete, safari hii kwenye nyaya za spika zake na kwenye kebo ya antena yako, na kuwa na leseni yako ya Mamlaka ya Mawasiliano mkononi hakukuondolei wajibu wa kuifunga.

Kama uchunguzi utakutembeza mitaani na antena mkononi, mwarifu mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla, beba nakala ya leseni, na usikaribie bandari wala maeneo ya vyombo vya ulinzi na usalama. Mtu anayeelekeza fimbo za chuma kwenye kuta za watu usiku ataulizwa maswali, na yatakuwa maswali ya haki.

Nguzo na chumvi

Hewa ya pwani hutua chumvi juu ya vikombe vya nguzo, vile vinavyotenganisha nyaya na nguzo, na hula viungo vya nyaya. Kiungo kilicholegea huruka cheche, na kwa kuwa umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde na kila mzunguko una vilele viwili, cheche huja katika makundi 100 kila sekunde: mvumo mzito, mkavu, unaojaa bendi zote kuanzia masafa ya kati hadi juu ya megahezi 100. Mara nyingi viungo vilivyolegea husikika zaidi wakati wa ukavu, kaskazi inapovuma na nguzo za mti zimekauka, na hunyamaza mvua ikinyesha. Chumvi kwenye vikombe ina tabia nyingine: unyevunyevu wa alfajiri huiamsha, na mvua kubwa huiosha.

Kuitafuta nguzo yenyewe kunataka masafa ya juu. Kwenye masafa ya kati kelele husafiri kwenye nyaya mtaa mzima, na kila nguzo itaonekana kuwa mbovu. Tumia redio inayopokea AM kwenye masafa ya ndege, megahezi 118 hadi 137, na unapokaribia endelea kupanda. Kadiri masafa yanavyokuwa ya juu ndivyo eneo la kelele linavyosinyaa, hadi unabaki na nguzo moja au mbili. Antena ndogo ya Yagi, inayosikia zaidi upande mmoja, ya bendi ya mita 2 iliyoshikwa mkononi itakuonyesha ni ipi.

Ukishaipata, iache kama ilivyo. Usiigonge, usiitikise, usiguse waya wa kuishikilia, usirushe maji juu. Andika mahali ilipo, namba yake kama inayo, saa ambazo kelele husikika na hali ya hewa, kisha ripoti TANESCO kwa maandishi ukieleza kwamba kuna dalili ya cheche kwenye kiungo. Fundi huelewa zaidi habari ya cheche kuliko habari ya bendi ya mita 20, na kiungo kinachoruka cheche ni hatari hata kwa asiyejua redio ni nini. Shauri likikwama, hasa pale chanzo kinapojulikana na mwenyewe amekataa kukishughulikia, Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo yenye dhamana ya masafa, na daftari lako ndilo litakalofanya malalamiko yasomwe.

Upande wa antena

Kelele iliyobaki baada ya yote hayo hupunguzwa kwa kuisogeza antena. Kelele ya nyumba hupungua haraka kwa umbali, hivyo mita 10 za kuihamishia mwishoni mwa uwanja zina maana kuliko mita 3 za kuipandisha juu ya paa. Wenye nafasi kama za Pongwe, Kange au Sahare hawana sababu ya kuifunga dipoli (antena ya waya yenye mikono miwili) kwenye ukingo wa paa. Pale kebo inapokutana na antena weka kizuizi cha feraiti, mizunguko 12 hivi ya kebo kwenye pete ya aina ya 31, la sivyo ganda la kebo litaokota kelele chumbani na kuipandisha hadi juu, na utakuwa na antena nzuri uwanjani inayosikiliza televisheni ya sebuleni.

Angalia mabati pia. Mabati yaliyoshika kutu, yanayogusana kwa kulegea, huchanganya mawimbi ya stesheni zenye nguvu zilizo karibu na kuzaa sauti mahali zisipokuwepo. Dalili yake ni kelele inayobadilika upepo unapotikisa paa. Kaza misumari au yaunganishe mabati hayo kwa waya, na viungo vyote vya kebo vya nje vifungwe kwa utepe usiopitisha maji, kwa kuwa chumvi ikishaingia ndani ya plagi ya antena hula ganda la kebo taratibu.

Kwa asiye na uwanja kabisa, antena ya pete ya kupokelea, yenye kipenyo cha mita moja hivi na inayoweza kugeuzwa, ndiyo nunuzi ninayoipendekeza kuliko kisanduku chochote cha kufuta kelele. Ina kishuke kama kile cha fimbo ya feraiti, nawe unakielekeza kwenye nyumba yenye kosa wakati unarusha kwa waya wako wa kawaida. Isimamishe kwenye mlingoti wa plastiki, uizungushe kwa mkono, na weka alama kwenye mlingoti pale kelele inapokuwa chini kabisa kwa kila bendi unayoitumia.